Saa 2:17:01 bila mwanamume mbele: uchambuzi wa mbio za Mary Keitany, London 2017

Jumapili ya tarehe 23 Aprili 2017, Mary Keitany wa Kenya alikata utepe wa London Marathon kwa saa 2:17:01. Alipunguza sekunde 41 kutoka kwenye rekodi ya dunia ya mbio za wanawake pekee, 2:17:42, ambayo Paula Radcliffe wa Uingereza aliiweka katika jiji hilo hilo mwaka 2005. Keitany alikuwa na umri wa miaka 35, mama wa watoto wawili, na huo ulikuwa ushindi wake wa tatu London baada ya ule wa 2011 na 2012. Hata hivyo, siku hiyo rekodi nyingine ya dunia ya wanawake katika umbali ule ule, 2:15:25, ilibaki palepale bila kuguswa, na mwenyewe alikuwa Radcliffe huyo huyo.

Kwa nini umbali mmoja una rekodi mbili? Bila kulijibu hilo, ugumu wa alichofanya Keitany hauonekani.

Kesi ya waweka kasi wanaume

Uwanjani jambo hili halina utata mkubwa, kwa sababu wanawake hukimbia peke yao. Barabarani ni tofauti: Berlin, Chicago au Rotterdam, wanaume na wanawake huanza kwa mlio mmoja wa bastola, na mwandalizi anaweza kumpangia mwanamke bingwa wanaume wawili au watatu, waitwao waweka kasi, wa kumkatia upepo na kushika kasi hadi utepeni. Mwanamume anayemaliza marathoni kwa 2:10 huona kasi ya 2:17 kuwa ya starehe. Hachoki kilomita ya 30. Hana haja ya kushindana na anayemsindikiza.

Wakenya wanaikumbuka kesi hii tangu Tegla Loroupe alipokimbia 2:20:47 Rotterdam mwaka 1998 na kuvunja rekodi ya Ingrid Kristiansen wa Norway, 2:21:06, iliyokuwa imedumu tangu 1985. Tofauti ilikuwa sekunde 19 tu, na Loroupe alisindikizwa na wanaume, hivyo minong'ono ilianza mapema. Miaka mitano baadaye Radcliffe alikimbia 2:15:25 London akiwa na wanaume wawili Wakenya pembeni yake, mwaka ambao waandalizi waliamua kuwaingiza wanaume hao kwenye mbio za wanawake.

Mwaka 2011 mkutano mkuu wa shirikisho la riadha duniani, uliofanyika Daegu, Korea Kusini, ulikata shauri kwamba rekodi za wanawake barabarani zitambuliwe tu zikiwekwa katika mbio za wanawake pekee. Maana yake 2:15:25 ishushwe daraja na 2:17:42 ndiyo ibaki rekodi. Waandalizi wa marathoni kubwa walipinga, wanariadha wakapinga, na kabla ya mwaka kwisha shirikisho likalegeza msimamo. Suluhisho lililobaki ni orodha mbili: ya mbio za mchanganyiko, inayoandikwa Mx, na ya wanawake pekee, Wo. Kwa maoni yetu swali la Daegu lilikuwa sahihi, ila hukumu ilikuwa ya uonevu. Huwezi kumnyang'anya mtu rekodi aliyoiweka kwa kanuni za siku ile. Lakini pia huwezi kudai kwamba kukimbia nyuma ya kifua cha mwanamume na kukimbia peke yako ni kazi moja.

London ndiyo mahali pazuri pa kupimia tofauti hiyo, kwa kuwa wanawake wa daraja la juu huanza mapema kabla ya wanaume na barabara inakuwa yao.

Mbio zenyewe, kipande kwa kipande

Ili kumaliza kwa 2:17:01 kwa mwendo usiobadilika, kila kilomita inatakiwa ichukue wastani wa dakika 3 na sekunde 14.8. Hiyo ni 16:14 kwa kila kilomita tano, 32:28 kwa kilomita kumi, na 68:30 kwa nusu ya safari. Keitany hakufanya hivyo hata kidogo.

Kilomita tano za kwanza alizimaliza kwa 15:31, yaani 3:06 kwa kilomita, kasi ambayo ingeendelea hivyo ingempa saa 2:11. Kilomita kumi alipita kwa 31:17. Nusu ya safari, 66:54. Ukivigawanya vipande hivyo, picha inatoka wazi: 3:06 kwa kilomita katika tano za kwanza, 3:09 katika tano za pili, kama 3:12.6 kutoka kilomita ya 10 hadi nusu, kisha wastani wa 3:19 katika nusu yote ya pili, ambayo ilimchukua dakika 70 na sekunde 7. Nusu ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza kwa dakika 3 na sekunde 13.

Sehemu ya kasi ile ya mwanzo ilitokana na barabara. London huanzia Blackheath, juu ya kilima, na kilomita za mwanzo zinateremka kuelekea mto Thames. Mkimbiaji anayetazama saa yake huko huona namba tamu asizozitolea jasho. Kocha mzuri huhesabu mteremko huo mapema na kumwambia mkimbiaji wake kwamba sekunde kumi hadi kumi na tano za kilomita tano za kwanza ni zawadi ya kilima. Keitany alikuwa mbele ya ratiba kwa sekunde 43, kwa hiyo karibu nusu dakika ilitoka miguuni mwake mwenyewe.

Wengi waliandika kwamba alianza kwa pupa. Hesabu ya waweka kasi inaonyesha sababu nyingine. Mweka kasi wake alikuwa mwanamke, Mkenya Caroline Kipkirui, aliyemwongoza hadi kupita kidogo nusu ya safari. Zaidi ya hapo asingeweza, na hapa ndipo penye ugumu wote wa rekodi ya wanawake pekee. Mwezi huo huo wa Aprili 2017, rekodi ya dunia ya nusu marathoni ya wanawake ilikuwa 64:52, ya Joyciline Jepkosgei, iliyowekwa Prague. Mweka kasi wa kumpitisha mtu nusu kwa 66:54 ni mwanamke anayekimbia dakika mbili tu nyuma ya rekodi ya dunia ya nusu marathoni, na bado anatakiwa aonekane mtulivu, apige mwendo ulio sawa na asimkatishe tamaa aliye nyuma yake. Wanawake wa namna hiyo duniani walikuwa wachache mno, na wengi wao walikuwa wanakimbia kwa ajili ya ushindi wao wenyewe.

Basi kwa mwanamke anayejua kwamba baada ya kilomita ya 23 hatakuwa na mtu mbele yake, kujiwekea akiba katika sehemu yenye msaada si wazimu. Alipofika nusu, Keitany alikuwa sekunde 117 mbele ya mwendo wa rekodi ya Radcliffe ya 2:17:42. Katika nusu ya pili alizitumia sekunde 76 kati ya hizo, akabaki na 41. Wazo lilikuwa sahihi, kipimo ndicho kilichozidi. Akiba ya dakika moja na robo ingetosha, na 15:50 kwa kilomita tano za kwanza ingemwachia miguu ya mwisho. Lakini kasi ile ilikuwa na faida nyingine: iliwaondoa wapinzani mapema. Tirunesh Dibaba wa Ethiopia, bingwa wa Olimpiki wa mita 10,000 mara mbili, alimfuata kwa mbali badala ya kumkalia begani. Baadaye Dibaba alishikwa na tumbo, akasimama, akaendelea, na bado akamaliza kwa 2:17:56. Aselefech Mergia wa tatu alitumia 2:23:08, na Vivian Cheruiyot, katika marathoni yake ya kwanza, 2:23:50. Kati ya wa pili na wa tatu kulikuwa na zaidi ya dakika tano. Hakukuwa na kundi lolote la kujificha ndani yake.

Upepo unachukua kiasi gani

Kasi ya Keitany ilikuwa kama kilomita 18.5 kwa saa, yaani mita 5.1 kwa sekunde. Hata hewa ikiwa imetulia kabisa, anayekimbia hivyo anapigwa na upepo wa mita 5.1 kwa sekunde usoni. Nguvu anayoitumia kuusukuma ni asilimia chache za nguvu zote. Inasikika ndogo. Lakini asilimia 1 tu ya muda wa 2:17:01 ni sekunde 82, mara mbili ya pengo lililotenganisha rekodi mpya na ya zamani.

Upepo wa kweli ukiongezeka, hesabu hubadilika haraka, kwa sababu ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi. Upepo wa mbele wa mita 5 kwa sekunde humfanya mkimbiaji huyo apambane na hewa inayomjia kwa mita 10 kwa sekunde, na ukinzani unakaribia mara nne. London ina kipande chake kibaya kwa jambo hili: baada ya kuzunguka maghorofa ya Canary Wharf karibu na kilomita ya 30, barabara inarudi magharibi hadi Westminster. Upepo wa magharibi ukivuma, mkimbiaji anakutana nao akiwa amechoka na peke yake. Maghorofa hayo pia huvuruga saa za GPS, kwa hiyo anayetegemea namba ya mkononi hapo anaweza kudanganywa. Vibao vya kilomita na gari la saa, lile linalotangulia likionyesha muda, ndivyo vya kuaminiwa.

Kinga ya mweka kasi hufanya kazi akiwa karibu, kama mita moja mbele. Mita tatu nyuma yake, faida imeshapungua sana, hata kama kwenye televisheni wanaonekana wako pamoja. Upepo ukitoka pembeni, mkimbiaji anatakiwa asogee upande ulio salama wa mweka kasi badala ya kukaa nyuma yake moja kwa moja. Waweka kasi wawili wakikimbia bega kwa bega, naye akiwa nyuma ya pengo lao, huziba zaidi kuliko mmoja.

Nusu ya pili ndiyo inayotoa ushahidi

Weka nusu mbili za mbio hizi kubwa sambamba. Radcliffe, London 2003, akiwa na wanaume pembeni: 68:02 na 67:23. Brigid Kosgei, Chicago 2019, akiwa na wanaume wawili: 66:59 na 67:05, jumla 2:14:04. Tigst Assefa wa Ethiopia, Berlin 2023: 66:20 na 65:33, jumla 2:11:53. Wote watatu nusu ya pili ilikuwa karibu sawa na ya kwanza au ya kasi zaidi.

Sasa Keitany, London 2017, wanawake pekee: 66:54 na 70:07.

Anayedhani kilima cha Blackheath ndicho kinachoeleza yote amtazame Radcliffe wa 2003. Alikimbia London pia, akateremka kilima kile kile, na bado nusu ya pili akaikimbia kwa kasi zaidi. Tofauti kuu kati ya siku hizo mbili ni mwanzo wa kasi kupita kiasi na ukosefu wa mtu mbele, na tumeshaona kwamba la kwanza lilizaliwa na la pili. Viatu huenda havihusiki katika ulinganisho huu wa London mbili, kwa kuwa vile vyenye bamba la kaboni, vinavyomsaidia mkimbiaji kwenda kasi zaidi, viliingia madukani katikati ya 2017, baada ya mbio. Kwa Kosgei na Assefa vinahusika, na anayelinganisha saa za enzi hizo mbili bila kulitaja hilo hajatenda haki.

Katika orodha ya mchanganyiko kuna pia 2:09:56 ya Ruth Chepngetich, Chicago 2024. Mkimbiaji huyo alifungiwa miaka mitatu mwaka 2025 kwa kosa la dawa iliyokatazwa michezoni, lililotokana na sampuli ya Machi 2025. Muda wa Chicago, uliotangulia sampuli hiyo, haukufutwa. Tumeuweka kando kwenye ulinganisho huu.

Mtindo ule ule ulipomwangusha

Keitany hakuanza tabia ya kutangulia mwaka 2017. New York, Novemba 2011, alipita nusu kwa 67:56 akiwa peke yake, kwenye barabara yenye madaraja na vilima, bila mweka kasi. Nusu ya pili ilimchukua 75:42. Waethiopia Firehiwot Dado na Buzunesh Deba walimpita mwishoni, Dado akashinda kwa 2:23:15, Keitany akawa wa tatu kwa 2:23:38. Mji huo baadaye aliuelewa vizuri: alishinda 2014, 2015, 2016 na 2018, na hakurudia tena mwanzo wa namna ile.

Jaribio la kufundisha zaidi ni la London, Aprili 2018. Safari hii waandalizi waliweka wanaume kwenye mbio za wanawake ili Keitany aifukuzie 2:15:25. Kila kitu kilichokosekana mwaka uliotangulia kilikuwepo. Kisha likaja joto: nyuzi 24.1, kiwango cha juu kuliko vyote katika historia ya mbio hizo hadi siku hiyo. Alipita nusu kwa 67:16, akamaliza wa tano kwa 2:24:27. Nusu ya pili, 77:11. Cheruiyot, aliyekataa kufuata kasi ya wanaume wale, alishinda kwa 2:18:31.

Ubaya wa kujikinga nyuma ya watu siku ya joto ni kwamba hewa ile ile unayoikwepa ndiyo inayokausha jasho na kuupoza mwili. Mweka kasi anayeshika ratiba iliyoandikwa siku ya baridi naye anakuwa mzigo. Ratiba ya rekodi inatakiwa iwe na sharti la hali ya hewa, na uamuzi wa kuibadilisha ufanywe asubuhi kabla ya mbio, kocha na mwandalizi wakiwa wamekubaliana. Kuuacha mikononi mwa mkimbiaji akiwa kilomita ya 15, huku mweka kasi akilipwa kwa kutimiza saa alizopewa, ni kutafuta hasara.

Kinachotakiwa kupangwa kwa mbio za wanawake pekee

Vinywaji vinakuja mbele ya vyote. Meza za chupa binafsi huwa kila kilomita tano, kwa hiyo chupa nane. Kwa lengo la gramu 60 za wanga kwa saa, marathoni ya 2:17 inahitaji kama gramu 137, sawa na gramu 17 katika kila chupa. Ndani ya mililita 200 za maji huo ni mchanganyiko wa asilimia 8 hadi 9. Tumbo linatakiwa lizoezwe mchanganyiko huo huo, wa kiwanda hicho hicho, kwenye mazoezi marefu ya kilomita 35 hadi 40, kwa wiki kadhaa, na kwa kasi inayokaribia ya mbio. Tumbo lililozoea chai ya maziwa baada ya mazoezi halijui la kufanya na gramu 17 kila baada ya dakika 16. Chupa iwe na alama inayoonekana kwa mbali, utepe wa rangi au mshikio wa waya, kwani hakuna mwanamume wa kukuokotea. Kanuni zinaruhusu mkimbiaji kupokea kinywaji kutoka kwa mwenzake, lakini yakiwa mazoea ya mbio nzima yanaweza kuhesabiwa kuwa msaada usio halali.

Mweka kasi mwanamke achaguliwe kwa mwendo wake wa nusu marathoni, si kwa jina. Awe na uwezo wa kukimbia nusu angalau dakika moja chini ya muda anaotakiwa kupitisha, na mkataba umlipe kwa usawa wa kilomita zake, si kwa kufika mapema. Mweka kasi anayepewa zawadi kwa kuwahi atawahi. Wakiwa wawili, mmoja aachwe apumzike nyuma kilomita kumi za mwanzo, aje kushika usukani mwenzake anapoishiwa. Hapo kundi linaweza kusogezwa hadi kilomita ya 27 au 28 badala ya 22.

Baada ya hapo dawa pekee ni wapinzani. Hilo lilionekana London, Aprili 2024. Wanawake wanne, Peres Jepchirchir na Joyciline Jepkosgei wa Kenya pamoja na Assefa na Megertu Alemu wa Ethiopia, walipita nusu kwa 67:04 na kufika kilomita za mwisho wangali pamoja. Jepchirchir alishinda kwa 2:16:16, wengine wakafuata kwa 2:16:23, 2:16:24 na 2:16:34. Rekodi ya Keitany ilivunjwa mara nne katika sekunde 18, na viatu vipya vilichangia. Hakuna aliyemfanyia mwenzake kazi ya mweka kasi kwa hiari, maana anayetangulia upepo ndiye anayechapwa kwenye mita 400 za mwisho, lakini kule kukaliana begani kulimzuia kila mmoja kulegea.

Mwaka uliofuata Assefa aliishusha hadi 2:15:50, pia London. Yeye na Jepkosgei walipita nusu kwa 66:40, haraka kuliko Keitany kwa sekunde 14, kisha Assefa akamwacha mwenzake na kumaliza karibu dakika tatu mbele. Nusu yake ya pili ilikuwa 69:10. Ile ya Jepchirchir, 2024, ilikuwa 69:12. Na Assefa huyu huyu, alipokimbia Berlin kwenye mbio za mchanganyiko mwaka 2023, kipande hicho alikimaliza kwa 65:33.